Chumbani kwangu Nairobi, hakuna ajuaye kama nimeamka

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 20, kwetu ni Tanga mjini. Nimekuja Nairobi kusoma shahada ya takwimu katika chuo ambacho sitakitaja. Nilifika mwishoni mwa Agosti. Mjomba alinisindikiza mpaka Horohoro, nikavuka peke yangu kuingia Lunga Lunga, nikalala Mombasa kwa jamaa zetu, kesho yake nikapanda treni ya SGR hadi Syokimau. Njia nzima nilikuwa na furaha. Tulipopita Tsavo niliona tembo dirishani, nikawapiga picha nikaituma kwenye kundi la familia, na mama akanijibu kwa ujumbe wa sauti huku anacheka. Nilipotoka nje ya stesheni jioni ile upepo wa baridi ukanipitia, na nakwambia kweli, tangu siku hiyo sijapata joto.

Nakaa katika hosteli ya mtu binafsi karibu na barabara ya Thika, chumba cha watu wawili. Mwenzangu ni Mkenya wa mwaka wa pili. Si mtu mbaya. Wiki ile ya kwanza alipika ugali na mayai kwenye meko yake, akaniita, "Kuja tukule." Nikamjibu, "Asante, nimeshiba," kama tulivyolelewa, nikingoja anikaribishe tena. Akasema, "Sawa," akala. Hajanikaribisha tena tangu siku hiyo. Anapika, anakula, simu iko masikioni, anacheka na wenzake kwa Sheng ambayo siielewi hata nusu. Mimi nikisikia harufu ya vitunguu najifunika blanketi, najifanya nimelala. Siku nyingi chakula changu ni chai na mkate, mara moja tu, jioni. Si kwamba sina hela kabisa. Naona aibu kukaa hotelini peke yangu, na kila bei nikiisikia naizidisha mara ishirini kupata shilingi ya kwetu, natishika. Jana mvua ilinyesha, matatu ambayo asubuhi ni shilingi 50 ikawa 100. Elfu mbili ya Tanzania kwa safari ya dakika chache! Nikashuka, nikatembea nikalowa.

Darasani ndiko kubaya zaidi. Shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na kidato cha sita nilipata Daraja la Kwanza. Mhadhiri akifundisha naelewa. Nikiandika naandika vizuri. Lakini kuongea, Mama! Wenzangu wamekizungumza Kiingereza tangu chekechea. Mimi nikiwa bado napanga sentensi kichwani, wao wameshahamia jambo jingine. Tuliwekwa watu sita kufanya kazi ya kikundi, nikaamua kusema kwa Kiswahili. Wote wakanyamaza wakanitazama. Mmoja akasema, "Huyu anaongea kama taarifa ya habari," wakaangua kicheko. Mwishowe nikapewa kazi ya kuchapa jalada na majina ya wanakikundi. Mimi, ambaye swali lile nilikuwa nimeshalimaliza usiku wa kuamkia siku ile, jibu liko kwenye daftari mkobani.

Hata salamu zangu zimenishinda. Mlinzi wa getini ni mzee wa umri wa baba. Nilimwamkia shikamoo, akanitazama kidogo, akasema, "Poa."

Kila usiku naongea na mama. Namwambia nimezoea, nina marafiki, nakula vizuri. Simu ikikatika nalia. Mama ni fundi cherehani. Alikuwa na cherehani mbili, moja akaiuza ili ada ya muhula wa kwanza itimie, na wajomba wakachanga nauli. Siku ya kuondoka ilisomwa dua, majirani wakajaa uani. Sasa nitarudi vipi nikawaambie nimeshindwa, tena sikwenda hata Ulaya, nimeshindwa hapa jirani tu? Rafiki zangu wa nyumbani nikiwadokeza wananiambia, "Si Kenya hapo tu? Si wanaongea Kiswahili?" Ndiyo maana naona aibu hata kulia.

Jambo la mwisho: kuna kijana anakuja hosteli yetu, anasema bila kibali cha mwanafunzi nitakamatwa, nimpe shilingi 8,000 anishughulikie haraka. Paspoti yangu imegongwa muhuri mpakani tu, kingine sina.

Mama, asubuhi nikichelewa kuamka nalala nikitazama dari, na wazo linalonijia ni kwamba hakuna mtu mji huu mzima ajuaye kama nimeamka au sijaamka. Nirudi nyumbani?

Mgeni wa Barabara ya Thika

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina mambo mengi, na nitayafikia. Ila tuanze na ile chai na mkate. Kabla ya Kiingereza, kabla ya kibali, kabla ya kuamua kurudi au kubaki, nataka ule. Umetoka usawa wa bahari ukaja mji ulio karibu mita 1,700 juu yake, mwishoni mwa miezi ambayo hata sisi wenyeji tunalala na blanketi mbili. Mtu anayekula mara moja kwa siku kwenye baridi hii hawezi kujua kinachomliza ni upweke au ni njaa. Vyote viwili vinauma mahali pamoja.

Karibu na hosteli zote za barabara ya Thika kuna vibanda. Zunguka mchana mmoja uvitazame. Tafuta kibanda ambacho mama anayepika ndiye mwenye kibanda: sufuria ya madondo, yaani maharage, iko motoni, chapati zimepangwa chini ya kitambaa, sukuma wiki inakatwa pale pale, na benchi ni moja refu ambalo kila mtu hukalia, aliyekuja na wenzake na aliyekuja peke yake. Hapo huna haja ya kuona aibu, kwa sababu nusu ya walioketi wamekuja peke yao, wanakula waondoke. Ukishakichagua, usihame. Nenda pale pale, saa ile ile. Siku za kwanza atakuuliza unakula nini. Baadaye hatakuuliza, atakupakulia. Halafu kuna siku utachelewa, naye atakuambia, "Leo ulipotelea wapi?"

Hilo ndilo swali ninalotaka ulipate, mwanangu. Unasema mji mzima hakuna ajuaye kama umeamka. Basi kazi yako ya miezi hii miwili ni hiyo tu: wapatikane watu watatu au wanne ambao usipoonekana wataona pengo. Utasikia wengi wakikushauri utafute marafiki. Mimi sikuagizi hivyo, kwa sababu urafiki hauji kwa kuutafuta, na binti mpweke anayetafuta rafiki kwa haraka katika mji huu anaweza kuangukia mikono asiyoijua. Ninachokuomba ni kuonekana mahali pale pale mara kwa mara. Maktabani chagua kiti, na kiwe chako kila jioni. Aliye mkabala nawe atazoea sura yako kabla ya kulijua jina lako. Swala ya Ijumaa, kama unaswali, swali na wenzako. Vyuo vingi vya hapa vina jumuiya ya wanafunzi Waislamu, na siku ukiwa mjini Msikiti wa Jamia uko katikati ya jiji, una sehemu ya wanawake. Usifue nguo zako usiku wa manane kwa kujificha; Jumamosi asubuhi fua pale bombani wanapofulia wasichana wote. Pale, kati ya beseni na kamba ya nguo, ndipo hadithi zote za hosteli husimuliwa, na Sheng utaiokota hapo bila mwalimu.

Na yule mzee wa getini, endelea kumwamkia. Hakukudharau. Wengi wa huku bara hawakulelewa na shikamoo, mtu akiipokea ghafla hukosa jibu. Wewe mwamkie asubuhi ukitoka, mwamkie jioni ukirudi. Yeye ndiye anayejua nani katoka na nani hajarudi, na akishakuzoea ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza habari zako. Tena siku moja atakuitikia marahaba, utaona.

Sasa nije kwa mwenzako wa chumbani, maana hapo ndipo barua yako iliponisimamisha muda mrefu zaidi.

Alikuita kula. Ukakataa kwa adabu ya Tanga, ukingoja ukaribishwe mara ya pili na ya tatu, kama mama yako anavyowakaribisha wageni uani kwenu. Yeye kwa adabu ya kwao aliliheshimu neno lako. Ulisema umeshiba, akaamini. Kukulazimisha kungekuwa kukukera. Kisha kila jioni anakuona umejifunika blanketi anapopika, naye anajiambia huyu dada wa Tanzania hapendi kusumbuliwa. Nakuapia nimewajua wasichana wengi waliolala chumba kimoja muhula mzima kila mmoja akidhani mwenzake anajidai, kumbe wote wawili walikuwa wakingoja kuanzwa.

Anza wewe. Jumamosi hii nunua nazi; sokoni na madukani Nairobi zinapatikana. Mwombe meko yake, umwambie, "Leo napika mimi." Pika wali wa nazi na maharage kama unavyojua. Usimwambie karibu ukanyamaza. Mpakulie sahani, umwekee mbele yake. Mkiwa mnakula, mweleze lile jambo la kushiba, kwamba kwenu mtu hukataa kwanza. Atacheka, na wewe utacheka. Kuanzia siku hiyo akikuita, "Kuja tukule," inuka uende, hata kama umetoka kula. Kisha mwombe jambo dogo linalomhusu mwenyeji: akupeleke soko la Gikomba au la Toi mkanunue sweta nzito na blanketi la mtumba. Mtu wa Nairobi ukimwomba akuonyeshe mji wake, anafurahi kuliko ukimwomba urafiki. Akikwambia ushike simu yako vizuri mkiwa mjini na usiongee nayo dirishani mwa matatu, msikilize.

Darasani. Hapa nitasema kwa urefu, kwa sababu naona umeanza kuamini kwamba huna akili, na hilo likiota mizizi litakudhuru kuliko baridi.

Tofauti yako na wenzako ni ya mfumo wa shule. Wao, hasa waliosomea mijini, walianza kufundishwa masomo yote kwa Kiingereza wakiwa watoto wadogo. Wewe kilikuwa somo moja tu hadi kidato cha kwanza, ndipo kikageuka kuwa lugha ya kufundishwa. Wamekutangulia miaka mingi ya kuongea, na katika kuongea tu. Mhadhiri akifundisha unaelewa, ukiandika unaandika vizuri, umesema mwenyewe. Kilichobaki ni ulimi, na ulimi hulegea kwa kutumiwa. Kila jioni chumbani soma madokezo yako kwa sauti, robo saa inatosha, kisha funga daftari ueleze hoja moja kwa Kiingereza kana kwamba unamfundisha mwenzako. Akiwepo mwenzako kweli, mfundishe yeye. Usingoje sentensi ikamilike kichwani ndipo uitoe. Itoe ikiwa na kasoro zake, na ukikwama maliza kwa Kiswahili. Hao wanaochanganya Kiingereza na Sheng siku nzima hawana haki ya kukushangaa.

Ile kauli ya taarifa ya habari nimeifikiria. Kijana wa Nairobi anayeishi na Sheng nyumbani na Kiingereza darasani, Kiswahili kama chako hukisikia wapi? Redioni na kwenye televisheni, jioni, msomaji wa habari akiwa na tai shingoni. Akakufananisha na anachokijua. Iliuma, na kucheka wote kwa pamoja hakukuwa uungwana. Lakini sidhani alikuwa anakushusha. Wengi wao mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne uliwatoa jasho, na mtu anayekizungumza bila kujikwaa wanamtazama kwa mshangao wenye heshima ndani yake.

La jalada, hapana. Hilo usilikubali tena. Lilikuwa kosa lao, na dawa yake iko mkobani mwako. Siku moja kabla ya kikao kijacho, piga picha ukurasa wa hesabu uliyofanya, uutume kwenye kundi lenu la WhatsApp na maneno machache: nimejaribu swali la pili, naomba mlitazame. Acha waione kazi kabla ya kusikia sauti. Kikao kikianza, sema wa kwanza. Nakusisitizia hilo la kwanza, kwa sababu mwanzo wa kikao watu bado wametulia na wanasikiliza. Ukingoja wakapamba moto hutapata pa kuingilia. Sentensi moja au mbili zinatosha. Na wakigawa kazi usiseme yoyote ni sawa, sema unataka sehemu ipi. Wakikukatalia na hesabu yako ni sahihi, nenda kwa mhadhiri saa zake za ofisini, umwonyeshe. Wahadhiri hupenda mwanafunzi anayekuja na karatasi yenye kazi.

Kiswahili chako kitumie pia bila kuomba radhi. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo ukienda ofisi ya usajili au ya karo, sema Kiswahili, utajibiwa. Ulizia pia chuoni kwenu kama kuna tawi la CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Najua wewe ni wa takwimu, lakini pale utakutana na Wakenya wanaotamani kusikiliza namna unavyozungumza, na huenda ukamkuta Mtanzania mwenzako aliyetangulia.

Mama yako.

Mwanangu, mama hakuuza cherehani ili adanganywe. Naelewa unamlinda. Lakini huyu ni mwanamke aliyekulea, na sauti yako usiku anaisikia. Usidhani kwamba hajui kitu. Pengine naye simu ikikatika hulia, kwa kuwa anajua unamficha na hajui unamficha nini. Mficha uchi hazai. Mwambie, ila mwambie mchana, umeshiba, si usiku ukiwa na kwikwi, kwa sababu kilio cha usiku kutoka mbali humfanya mzazi akose usingizi na asiwe na la kufanya. Mwambie hivi: mama, huku ni kugumu, nina upweke, Kiingereza cha kuongea kinanisumbua, lakini masomo nayaelewa na nimeanza kula vizuri. Hayo yote yawe kweli siku unayoyasema. Utashangaa atakavyopumua. Kisha punguzeni hizo simu za kila usiku. Chagueni siku mbili au tatu za wiki mzungumze kwa kituo. Saa ile ya usiku unayoshinda kwenye kundi la familia ukitazama nani kaoa na nani kapika pilau ndiyo saa ambayo ungekuwa maktabani au mezani na mwenzako.

Hao wanaokuambia "si Kenya hapo tu" wasikutie aibu. Umevuka mpaka, umebadilisha pesa, hali ya hewa, sheria, chakula na namna ya kusalimiana, na mama yako yuko umbali wa kutwa na kucha wa safari. Ugeni ni ugeni. Aliyekwenda London angalau watu humpa pole.

Pesa: acha kuzidisha mara ishirini. Piga hesabu siku moja tu, ile mama anapotuma: gawa kwa ishirini, ujue umepokea kiasi gani cha Kenya. Toa kodi, gawa kinachobaki kwa wiki, halafu ishi ndani ya wiki hiyo kwa shilingi ya Kenya. Mama anaweza kutuma moja kwa moja kutoka M-Pesa ya Tanzania hadi M-PESA yako ya hapa, huduma hiyo ipo tangu 2015. Atume kwa mkupuo mmoja wa mwezi, maana makato ya kutuma kidogo kidogo yanakula pesa. Nauli ya matatu hupanda jioni na mvua inaponyesha, na mvua za vuli zinakuja kuanzia Oktoba. Uliza nauli kabla ya kupanda, weka mwavuli mkobani, na ukiweza maliza shughuli za mjini kabla ya saa kumi jioni.

Yule kijana wa shilingi 8,000 usimpe hata kumi, na paspoti yako asiishike. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama hupewa kibali cha mwanafunzi bila ada. Nenda ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, au kwa mkuu wa wanafunzi, ukiwa na paspoti, nakala zake, picha na barua ya kukubaliwa chuoni; wao ndio wanaojua njia ya kuyapeleka maombi Idara ya Uhamiaji. Nenda wiki hii, usikae nalo. Waulize pia kuhusu kadi ya mgeni, kwa kuwa sheria inamtaka mgeni aliyetimiza miaka 18 na atakayekaa nchini zaidi ya siku 90 ajiandikishe kabla siku hizo hazijaisha. Ukiitwa Nyayo House, ziliko ofisi za Uhamiaji, usiogope, beba paspoti yenyewe na nakala, fika asubuhi mapema.

Urudi nyumbani? Jibu langu leo ni hapana. Sikatai kwamba kuna mtu anayeweza kurudi kwa haki kabisa, na kurudi hakungekuwa aibu. Lakini uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mtu mwenye njaa, aliyelowa, katika wiki zake za kwanza. Fanya muhula huu wote. Fanya mitihani ya katikati ya muhula uone alama zako. Desemba nenda Tanga, ukae na mama, na kama bado moyo unakataa, mtaamua pamoja.

Ila nisikilize kwa makini. Ukianza kula na bado usingizi hauji, au chakula hakishuki kabisa, au ukilala ukitazama dari likakujia wazo kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje Desemba wala usingoje jibu langu jingine. Siku hiyo hiyo nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo au zahanati ya chuo, na umwambie mwenzako wa chumbani akusindikize. Mwambie neno lile lile lilivyo. Atakwenda nawe.

Nauli ya Desemba anza kuiweka sasa, kidogo kidogo, na tiketi ya SGR uikate mapema, kwa sababu watu wakianza kwenda Pwani kwa likizo nafasi huisha. Treni ya usiku itakufikisha Mombasa alfajiri. Kukipambazuka vuka feri ya Likoni. Matatu za kwenda Lunga Lunga ziko ng'ambo ya pili, na mchana kutwa utakuwa nao wa kuvuka mpaka na kufika kwenu mapema. Hakikisha tu kibali kimeshatoka kabla ya kuondoka Nairobi, maana Januari utaingia tena kwa mpaka huo huo, na afisa wa pale atataka kukiona.